Fataki za Sikukuu na Moto Wake

Sikukuu zinapokaribia, ikiwa ni Idi, Diwali, Krismasi au Mwaka Mpya, watu wengi hununua fataki ili kuwafurahisha watoto wao nyumbani. Hakuna ubaya katika furaha hiyo. Lakini mwenye nyumba azileteye uani kwake yampasa ajue kwanza ya kuwa moto wa fataki si kama moto wa jikoni.

Moto wa kuni huhitaji hewa, nawe ukiufunika kwa mchanga hufa. Baruti haina haja ya hewa ya nje. Imefanyizwa kwa makaa, madini ya kiberiti na shura, na ile shura ndiyo itoayo hewa inayoulisha moto huo. Kwa sababu hii fataki iliyoshika moto haizimiki kwa kukanyagwa wala kwa kufumbatwa, na mtu ajaribuye kufanya hivyo aweza kupoteza vidole vyake.

Ya kuogopwa zaidi ni ile iliyokataa kulia. Utambi umewashwa, watu wamerudi nyuma wakingoja, kumbe kimya. Ndipo mmoja huiendea akaiinamia atazame ina nini, na pengine utambi ungali ukiungua polepole ndani ya karatasi. Asiisogelee mtu yeyote kwa muda usiopungua dakika 20. Kisha mtu mzima aimwagie maji mengi, aizamishe katika ndoo, ikae humo usiku kucha. Maji huiyeyusha shura, na baruti ikakosa nguvu. Asijaribu kuiwasha mara ya pili. Fataki hununuliwa kwa shilingi chache, na jicho haliuzwi dukani.

Vile vijiti vya waya vitoavyo cheche hudhaniwa kuwa ni mchezo wa watoto wachanga. Maji huchemka kwa digrii 100 za sentigredi. Kijiti hicho hufikia digrii 1,000 hata kupita, joto la kukaribia kuyeyusha dhahabu. Mtoto asiyetimiza miaka 5 asipewe kabisa. Aliye mkubwa ashike kimoja tu, mkono umenyooshwa mbali na nguo zake, na kikiisha kuwaka kitiwe majini mara moja, maana waya wake hubaki ukichoma. Wako pia watoto wanaowasha nyuzi za chuma za kusugulia sufuria na kuzizungusha kwa kamba. Cheche zile ni vipande vya chuma kinachowaka, na penye paa la makuti au la nyasi kimoja chatosha. Wazazi na waukomeshe mchezo huo.

Fataki za kuruka juu zataka uwanja mpana, na watazamaji wasimame hatua 30 au zaidi, upande upepo utokako. Mahali penye nyumba zilizobanana hapana nafasi hiyo. Ni afadhali kwenda kutazama zile ziwashwazo uwanjani na wenye ujuzi. Mwenye kuwasha asiwe amekunywa pombe. Tena fataki zimo katika sheria ya Kenya ya vitu vya kulipuka, Sura ya 115, kwa hiyo yafaa kuuliza kituo cha polisi mapema.

Mtu akiungua, mahali palipoungua pamiminiwe maji baridi kwa dakika 20, pete na bangili zivuliwe kabla mkono haujavimba, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi. Mafuta, unga, dawa ya meno na samadi visipakwe. Huzuia joto lisitoke, na vingine huleta uchafu kidondani. Jicho likiumia lisisuguliwe wala kubanwa. Lifunikwe kwa kikombe safi kisichogusa mboni, na mgonjwa apelekwe hospitali usiku uo huo.

Asubuhi ya pili, kabla watoto hawajaamka, ua ufagiliwe wote na mabaki yatiwe majini, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kuokota zile ambazo hazikulia.