Namba Bila Kizio si Jibu: Usanifishaji wa Taarifa za Maabara Katika Vituo Vingi

Chukulia mfano wa mgonjwa wa kisukari aliyepimwa sukari ya damu asubuhi katika zahanati, kabla ya kula chochote, akaandikiwa jibu la 126. Mwezi uliofuata alipimwa katika hospitali nyingine, akaandikiwa 7.0. Akizitazama namba hizo mbili peke yake, anaweza kuamini kuwa amepona na kuacha dawa. Kwa kweli hakuna kilichobadilika. Jibu la kwanza ni miligramu kwa desilita na la pili ni milimoli kwa lita. Ukigawanya 126 kwa 18 unapata 7.0. Tena hicho ndicho kiwango ambacho, kwa mtu aliyekaa angalau saa 8 bila kula, kisukari huanza kutambuliwa.

Hatari hiyo haiondoki kwa kuunganisha maabara hizo katika mfumo mmoja wa kompyuta. Mfumo huhifadhi kile ulicholishwa. Vituo visipokubaliana kwanza, kompyuta itasambaza makosa yao kwa haraka zaidi. Makubaliano hayo ndiyo huitwa usanifishaji, nayo yana hatua kadhaa.

Hatua ya kwanza ni jina. Kituo kimoja huandika “sukari”, kingine “glukosi”, na cha tatu hutumia kifupisho chake. Kwa hiyo kila kipimo hupewa msimbo mmoja unaotumiwa na vituo vyote. Msimbo unaotumika sana duniani ni LOINC, ulioanzishwa mwaka 1994 katika Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, Marekani. Msimbo huo hutofautisha vipimo kwa kuangalia, miongoni mwa mambo mengine, kinachopimwa, aina ya sampuli na mbinu iliyotumika. Hivyo sukari iliyopimwa kwa damu ya kidoleni haichanganywi na ile iliyopimwa kwa damu ya mshipani.

Hatua ya pili ni vizio. Kreatinini, inayoonyesha utendaji wa figo, ikiandikwa kwa miligramu kwa desilita huzidishwa kwa 88.4 ili kupata mikromoli kwa lita. Mfumo mzuri huhifadhi jibu la awali pamoja na lile lililobadilishwa, ili kosa la hesabu liweze kufuatiliwa. Jibu lisilo na kizio hurudishwa maabara lilikotoka, halikisiwi.

Hatua ya tatu ni ngumu zaidi, kwa kuwa si kila tofauti huondolewa kwa hesabu. Troponini, inayopimwa kutambua mshtuko wa moyo, hutoa namba tofauti kulingana na mtengenezaji wa kipimo, hata pale kizio kinapokuwa kilekile. Kwa sababu hiyo jibu linapaswa kuambatana na mbinu iliyotumika na kiwango rejea cha maabara iliyopima. Kuchora majibu ya mbinu mbili katika mstari mmoja kunaweza kuonyesha ugonjwa unaozidi au unaopungua, ilhali kilichobadilika ni mashine tu.

Hatua ya mwisho ni uhakiki. Sampuli za aina moja hupelekwa katika maabara zote, kisha majibu yake hulinganishwa. Maabara inayotofautiana sana na nyingine huchunguza mashine, vitendanishi na utaratibu wake kabla majibu yake hayajaaminiwa.

Kazi hii si ya wataalamu wa kompyuta pekee. Mhudumu wa afya anayenakili jibu kwenye faili anapaswa kunakili namba, kizio, tarehe na aina ya sampuli. Mgonjwa naye atunze vyeti vyake vyote na kuvipeleka kila aendako kutibiwa. Akiona namba imeshuka au imepanda ghafla, aulize kwanza: je, kizio ni kilekile, na mbinu ni ileile? Asibadilishe wala kuacha dawa kabla ya kupata jibu la swali hilo.