Mtoto karudi kutoka shambani anajikuna: ni upupu au ni pareto?

Mtoto ametoka kuokota kuni. Anaingia ndani mbio, anajikuna shingo na mikono, analia. Wewe mzazi unachota maji, unachukua dodoki na kumsugua kwa nguvu. Dakika tano baadaye mwasho umeenea hadi tumboni, na hata wewe mikono imeanza kukuwasha.

Hapo kosa lilikuwa ni kusugua. Kabla ya kueleza kwa nini, niondoe jambo moja linalowachanganya wazazi wenye simu. Ukitafuta habari za mimea inayowasha, utaletewa mmea wa Marekani wenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, na onyo kwamba chochote chenye vijani vitatu usikiguse. Mmea huo haumei kwenye mapori yetu. Ukiifuata kanuni hiyo Mbeya utalikimbia shamba lako mwenyewe la maharage, maana maharage nayo yana vijani vitatu.

Wa kwetu ni upupu. Kwa bahati mbaya nao ni ndugu wa maharage: mmea unaotambaa, vijani vitatu, maua ya zambarau iliyokolea yanayoning'inia. Usiutambue kwa majani, utambue kwa maganda. Yamejipinda kidogo na yamefunikwa na manyoya laini ya rangi ya dhahabu au kahawia, yanayovutia kama kitambaa cha mahameli. Manyoya hayo ndiyo mwiba wenyewe. Kiangazi maganda yakikauka, upepo huyapeperusha, hivyo mtu anaweza kuwashwa kwa kupita tu karibu. Upupu hupenda maeneo yenye joto, kwa hiyo wa bondeni Usangu, Kyela au Pawaga wako jirani nao zaidi kuliko wa kule juu kwenye baridi. Huko juu, kwenye misitu ya milimani, kuna mmea mwingine ambao wengi huuita upupu pia: majani yake na shina vina vinywele vinavyochoma kama moto ukivigusa tu. Huo maumivu yake kwa kawaida hupungua yenyewe ndani ya saa chache.

Manyoya ya upupu yamebeba kemikali zinazoamsha mwasho moja kwa moja kwenye mishipa ya fahamu ya ngozi. Hii si aleji. Humwasha kila mtu, na humwasha papo hapo. Ndiyo maana vidonge vya aleji havisaidii sana. Kinachosaidia ni kuyatoa manyoya. Mvue mtoto nguo taratibu bila kuzikung'uta, kisha bandika selotepu kwenye ngozi na kuibandua, tena na tena, kila mara kipande kipya. Kama huna selotepu, chukua donge la unga wa ngano uliokandwa, ulibonyeze kwenye ngozi na kuliinua. Maji yafuate baadaye, mengi na ya kumwagia, bila dodoki. Nguo zifuliwe peke yake.

Na kwa walimu na wanafunzi wa bweni: mchezo wa kumwagia mwenzako upupu kitandani au kwenye dawati si utani. Unyoya ukiingia jichoni unaweza kuumiza kioo cha jicho.

Pareto ni kisa kingine kabisa. Katika nyanda hizi, kuanzia Umalila hadi Kilolo na Mufindi, maua yale meupe yenye kitovu cha njano ndiyo yanayolipa ada za shule. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pareto duniani. Lakini ua bichi na vumbi la ua kavu vina kemikali ambazo kwa baadhi ya watu huleta aleji ya ngozi. Mtu anaweza kuchuma misimu kadhaa bila tatizo, halafu mwaka mmoja ngozi ikakataa. Vipele havitokei saa ile ile. Huja baada ya siku moja, mbili, hata tatu, ndiyo maana wengi hulaumu sabuni mpya au chakula cha jana. Angalia vilipo: vidoleni na mikononi kwa anayechuma; kope, uso na shingo kwa anayeanika au kukaa karibu na vumbi.

Aleji hiyo ikishaingia, kwa kawaida haitoki. Sisemi familia iache zao lake. Ninachosema ni kubadilishana kazi: aliyeathirika asichume wala kuanika, achukue palizi ya viazi au mahindi. Wengine wavae mikono mirefu, waoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Na pareto isianikwe wala kuhifadhiwa chumba wanacholala watoto, hata kama mvua inatishia.

Mawili ya haraka. Mtoto anayemenya embe kwa meno anaweza kupata vipele kuzunguka midomo; utomvu wa ganda la embe ni wa ukoo mmoja na sumu ya ule mmea wa Marekani. Mmenyee kwa kisu, basi. La pili ni zito zaidi: utomvu mweupe wa minyaa ya uani ukiruka jichoni, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa muda. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usiweke maziwa ya mama wala dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine.

Kwa vipele vya pareto, kitambaa chenye maji baridi na losheni ya kalamini hutuliza. Mkate mtoto kucha. Krimu zile za mchanganyiko wa dawa nyingi zinazouzwa kiholela usizipake usoni mwa mtoto bila kupimwa. Mpeleke kituo cha afya mara moja akivimba midomo au macho, akipumua kwa shida, akipata homa, au malengelenge yakitoa usaha. Na kama mwasho unazidi usiku na nyumba nzima inajikuna, huenda ni upele wa kuambukiza, ambao hutibiwa kwa familia yote kwa pamoja.

Ukifika kwa daktari, usiishie kusema "mtoto anawashwa". Mwambie mnalima nini, nani anaanika, na vipele vilianza siku ya ngapi baada ya kuchuma.