Pikipiki ya mbio na njia ya Kabambare



Siku hizi picha zinasafiri kuliko watu. Kijana wa Kasongo anafungua simu yake, na mara anaona pikipiki nyekundu ya Ulaya, imeinama mbele kama chui anayetaka kuruka. Anaita wenzake pale wanapongojea abiria: "Yaya, kuja uone!" Mara moja kila motari ana neno lake. Mmoja anasifu, mwingine anacheka, wa tatu anauliza bei.

Maneno ya namna hiyo si ya bure. Huko machimbo ya Namoya na Salamabila, kijana akipata feza kidogo za dhahabu, mara nyingi wazo lake la kwanza ni pikipiki. Basi tuiangalie vizuri ile ya picha, kisha tuangalie zile za kwetu.

Ni pikipiki gani?

Tutwae mfano mmoja: Ducati Panigale V4. Inatoka katika inchi ya Italia, muji wa Bologna. Mwaka 2024 kiwanda kilionyesha namna yake mpya, ile ya mwaka 2025. Motere yake ni ya cc 1103 na ina nguvu za farasi 216. Inakimbia karibu kilomita 300 kwa saa moja. Uzito wake ni kilo 191 kabla ya kutia esanse. Huko Marekani ile ya bei ndogo iliuzishwa karibu dola 25,000. Kwa feza hizo, hapa kwetu watu kumi na zaidi wangepata kila mmoja pikipiki yake ndogo.

Sifa yake si ya uongo. Miaka 2022, 2023, 2024 na 2025, bingwa wa dunia wa mbio kubwa za MotoGP alishinda juu ya pikipiki ya Ducati.

Lakini hata wenyewe wa Ulaya walibishana juu yake. Unajua sababu? Ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma! Tangu ile Ducati 916 ya mwaka 1994, watu walizoea mkono wa upande mmoja tu, gurudumu likionekana wazi kwa upande wa pili. Ulikuwa urembo wa kiwanda. Katika namna mpya mafundi walirudisha mkono wa pande mbili, ili mpira ushike njia vizuri wakati wa kutoka katika kona. Wapenzi wengi wakanung'unika: "Mumeharibu sura yake!" Wengine wakajibu: "Acheni sura, muangalie mwendo." Hata zamani, mwaka 2003, walinung'unika hivyo juu ya ile 999, na mwaka 2007 kiwanda kikarudisha mkono mmoja katika ile 1098.

Basi mabishano ni yaleyale kila mahali: uzuri wa kuangalia, ao uzuri wa kutumika?

Tuilete Kasongo

Sasa tufanye kama ile pikipiki nyekundu imeshushwa leo asubuhi sokoni Kasongo. Wamotari wamekusanyika. Wataizunguka, wataigusa tangi, watapiga picha. Halafu wenye kuzoea njia ya Kabambare wataanza kuuliza.

La kwanza: itabeba nini? Motari wa kwetu anabeba mama na mutoto mugongoni, gunia la mchele, bidoni za mafuta ya mawese, kuku waliofungwa miguu. Anabeba mugonjwa mpaka hospitali, mtu wa pili akimshika nyuma. Ile Panigale ilifikiriwa kwanza kwa mtu mmoja anayelala kifua juu ya tangi. Haina portbagaji. Gunia utaliweka wapi?

La pili: itapita? Mipira yake ni ya lami safi, tumbo lake liko karibu na udongo. Katika majira ya mvua, pale ambapo malori yamechimba mashimo, itakaa kama mtumbwi juu ya mchanga. Kilo 191 utazitoa namna gani katika matope? Pikipiki ndogo watu wawili wanainyanyua, wanaipitisha juu ya daraja la miti, wanaipakia katika mtumbwi. Njia inaendelea.

La tatu: itakunywa ngapi? Inaomba zaidi ya lita 6 kwa kilomita 100, tena esanse nzuri. Zile ndogo zinatosheka na lita 2 hivi. Hapa kwetu, ambapo esanse inauzishwa kwa chupa kando ya njia, bei ikipanda mbali na muji, hesabu hiyo ni chakula cha nyumba.

La ine: nani ataitengeneza? Zile za Kihindi kama TVS na Bajaj Boxer, fundi anazifungua chini ya mwembe kwa funguo chache, na piesi zake zinapatikana. Ile nyingine inataka kompyuta ili kujua ugonjwa wake.

Wazee watakumbuka pia Yamaha AG 100, waliyoipanda mapadri, waganga na watu wa chanjo. Ilifanywa kwa ajili ya wakulima. Ina portbagaji mbele na nyuma, na mnyororo wake umefunikwa ili matope yasiule. Haikuwa na sura ya kuimbiwa, lakini ilifika.

Usione haya juu ya ile ndogo

Vijana wengine wanadharau pikipiki ndogo, eti ni kitu cha maskini. Wasikie hii. BMW ya Ujeremani ilipatana na TVS mwaka 2013, na pikipiki ya BMW G 310 R ikatengenezwa Hosur, katika inchi ya India, ndani ya kiwanda cha TVS. Mwaka 2020 TVS ilinunua Norton, kiwanda cha zamani cha Uingereza. Na KTM ya Austria, inayojulikana sana kwa mbio? Bajaj waliingia ndani yake tangu mwaka 2007, na KTM ilipoanguka katika madeni mwisho wa mwaka 2024, Bajaj ndio waliotoa mamia ya mamilioni ya euro mwaka 2025 ili isife.

Maana yake, kampuni inayotengeneza ile Boxer inayobeba muhogo wako, ndiyo iliyookoa kiwanda cha pikipiki za mbio. Feza za wapanda-pikipiki wadogo wa India, Afrika na Amerika ya Kusini zimesaidia kuinua wakubwa. Kitu cha kazi si kitu cha haya.

Jambo moja tujifunze kwao

Lakini tusicheke tu. Angalia tena ile picha, usiangalie pikipiki, angalia mtu aliye juu yake. Amevaa kaski inayofunika kichwa kizima. Ana glavu, buti, na nguo nzito ya ngozi. Tangu mwaka 2018, kila mwendeshaji wa MotoGP anapashwa kuvaa nguo yenye mfuko unaojaa hewa wakati anapoanguka. Na huyu anakimbia mahali pasipo na mbuzi, pasipo na watoto wanaotoka shuleni, na waganga wanamngojea kando ya njia.

Sisi je? Tunapita katikati ya mbuzi na watoto, kichwa wazi, watu watatu na gunia. Nani kati yetu ni shujaa, na nani anacheza na uzima wake?

Waganga waliochunguza ajali za inchi nyingi walikuta kwamba kaski inapunguza kufa karibu 40 kwa mia, na majeraha ya kichwa karibu 70 kwa mia. Lakini iwe imefungwa chini ya kidevu. Ile inayoning'inia kwenye mkono wa pikipiki hailindi kitu.

Juu ya mwendo, mukumbuke hesabu hii: ukizidisha mwendo mara mbili, freni zitahitaji njia mara ine ili kusimama. Na mukipita ndani ya maji, freni za pikipiki ndogo zinalowa na hazishiki. Fundi mzuri atakuambia: baada ya kijito, endesha polepole huku ukikanyaga freni kidogo-kidogo mpaka zikauke, ndipo uongeze mwendo.

Neno kwa wenye pikipiki

Tusiwatupie wamotari lawama yote. Wengi wao hawana pikipiki yao. Kila jioni wanapashwa kumpelekea mwenye pikipiki hesabu yake, mvua inyeshe isinyeshe. Kijana akiona jua linashuka na feza hazijatimia, atakimbia, ataongeza abiria wa tatu, atasahau freni. Basi wewe mzazi, mufanya biashara ao muchimbaji uliyempa kijana pikipiki, mwendo wake unaanza katika hesabu yako. Umemnunulia kaski mbili, yake na ya abiria? Siku ya mvua kubwa unampunguzia? Piesi za freni zikiisha, nani analipa?

Na wewe kijana uliyetoka machimboni na feza mkononi, kabla ya kununua keti na wazee wako nyumbani, mujibu pamoja maulizo haya:

1. Pikipiki hii itafanya kazi gani, na itapita njia gani?
2. Baada ya kuinunua, feza za esanse, piesi na kaski zitatoka wapi?
3. Anayeiendesha amejifunza kweli, ao amejua tu kuongeza moto?

Ile nyekundu ya Bologna ibaki katika simu, tuifurahie kwa macho. Ile ndogo yenye matope, inayoondoka alfajiri na kumfikisha mama mwenye mimba hospitalini kabla ya jua kupanda, wamotari wa Kasongo na Kabambare wanajua bei yake. Na bei yake yote ni bure kama kijana aliyeipanda harudi nyumbani jioni.