Ndoa ya Louis XVI na Marie Antoinette

Ndoa ya Louis XVI na Marie Antoinette ilikuwa ndoa ya kupangwa kati ya mrithi wa ufalme wa Ufaransa, Louis-Auguste (23 Agosti 1754 – 21 Januari 1793), na Marie Antoinette (2 Novemba 1755 – 16 Oktoba 1793), binti wa Maria Theresa, mtawala wa Austria. Ilifungwa tarehe 16 Mei 1770 katika kikanisa cha jumba la kifalme la Versailles. Bwana harusi alikuwa na umri wa miaka 15 na bibi harusi miaka 14.

Lengo la ndoa hiyo lilikuwa kuimarisha urafiki mpya kati ya nchi mbili zilizokuwa maadui wa muda mrefu. Kwa miaka saba ya kwanza wanandoa hao waliishi bila tendo la ndoa, huku wakizungukwa na watu waliotaka ndoa ivunjike au watumie udhaifu wake kwa faida yao. Baadaye walizoeana, wakapendana na kupata watoto wanne. Hata hivyo upendo huo ulikomaa wakati jina la malkia lilikuwa limekwisha kuchafuliwa. Kadiri mfalme alivyozidi kumwamini mke wake, ndivyo watu wengi walivyozidi kumwona kuwa chanzo cha matatizo ya nchi.

Chanzo cha ndoa

Kwa zaidi ya karne mbili wafalme wa Ufaransa walishindana na ukoo wa Habsburg uliotawala Austria. Hali ilibadilika mwaka 1756, nchi hizo mbili zilipofanya Mkataba wa Versailles ili kukabili nguvu ya Prussia. Pamoja zilipigana Vita vya Miaka Saba (1756–1763), lakini Ufaransa ilitoka vitani ikiwa imepoteza makoloni mengi na fedha nyingi. Kwa sababu hiyo Wafaransa wengi waliuona urafiki na Austria kuwa hasara tupu.

Maria Theresa alikuwa na watoto 16, naye aliwaoza kadhaa kati yao kwa kufuata mahitaji ya siasa. Kwa upande wa Ufaransa, mshenga mkuu wa ndoa hii alikuwa waziri Choiseul. Mwaka 1768 padre Vermond alitumwa Vienna kumfundisha binti huyo lugha ya Kifaransa na historia ya nchi atakayoolewa.

Louis-Auguste hakuzaliwa akitarajiwa kutawala. Kaka yake mkubwa alifariki mwaka 1761, na baba yake mwaka 1765. Hivyo akawa mrithi wa babu yake, mfalme Louis XV. Mama yake alifariki mwaka 1767. Alikuwa kijana mwenye haya, aliyependa kuwinda, ramani na kazi ya kutengeneza vitasa. Mlezi wake, La Vauguyon, alikuwa upande wa wapinzani wa Austria.

Harusi

Harusi ya kwanza ilifanyika Vienna tarehe 19 Aprili 1770 bila bwana harusi kuwepo. Kaka yake bibi harusi, Ferdinand, alisimama badala yake. Siku mbili baadaye binti huyo aliondoka kwao na hakurudi tena.

Tarehe 7 Mei alikabidhiwa kwa Wafaransa kwenye kisiwa cha mto Rhine karibu na Strasbourg. Hapo aliagana na watu aliokuja nao kutoka Austria na kupokewa na wahudumu wapya. Alikutana na mume wake kwa mara ya kwanza tarehe 14 Mei, kando ya msitu wa Compiègne.

Sherehe ziliendelea kwa siku kadhaa na ziliishia kwa msiba. Tarehe 30 Mei, umati uliokusanyika Paris kutazama fataki ulikanyagana, na watu 132 walikufa.

Fitina za Versailles

Versailles ilikuwa makao ya maelfu ya watu, na cheo cha kila mmoja kilitegemea ukaribu wake na mfalme. Bibi harusi mpya alijikuta katikati ya makundi yaliyoshindana.

Mpinzani wake wa kwanza alikuwa Madame du Barry, hawara wa Louis XV. Shangazi watatu wa mume wake, yaani Adélaïde, Victoire na Sophie, walimchukia hawara huyo na kumshawishi binti huyo asiseme naye. Kufuatana na desturi, mtu wa cheo cha chini hakuruhusiwa kuanza kumsemesha aliye juu yake. Kwa hiyo kunyamaza kwake kulikuwa tusi mbele ya watu wote. Choiseul, aliyeipanga ndoa, alifukuzwa kazi tarehe 24 Desemba 1770, na tangu hapo binti huyo alikosa mtetezi mwenye nguvu.

Jambo hilo dogo liligeuka suala la mataifa. Austria ilikuwa ikijiandaa kushiriki katika kuigawa Poland na haikutaka kumuudhi Louis XV. Maria Theresa alimsisitizia binti yake kwa barua, na balozi wake Mercy-Argenteau alimshauri ana kwa ana. Hatimaye tarehe 1 Januari 1772 Marie Antoinette alimwelekea Madame du Barry na kutamka sentensi moja tu, kwamba siku hiyo kulikuwa na watu wengi Versailles.

Balozi huyohuyo alikuwa akimpelekea Maria Theresa taarifa za siri kuhusu maisha ya binti yake, hata ya chumbani. Mama alijua mengi kwa njia hiyo, naye binti hakufahamu jinsi mama yake alivyoyapata.

Miaka saba bila mtoto

Kazi ya kwanza ya mke wa mrithi ilikuwa kuzaa mtoto wa kiume. Bila mtoto, ndoa ingeweza kubatilishwa na bibi harusi kurudishwa kwao. Wadogo wawili wa Louis, yaani Provence na Artois, walinufaika na hali hiyo, kwa kuwa ndio waliomfuata katika urithi wa taji. Mwaka 1775 mke wa Artois alijifungua mtoto wa kiume, jambo lililozidisha aibu ya malkia.

Louis XV alifariki kwa ndui tarehe 10 Mei 1774, na mjukuu wake akawa mfalme Louis XVI akiwa na miaka 19. Mwaka huohuo alimpa mke wake nyumba ndogo ya Petit Trianon. Malkia alijitafutia faraja katika dansi, kamari, mavazi ya gharama na kundi dogo la marafiki, hasa Madame de Polignac. Wakubwa walioachwa nje ya kundi hilo walianza kumsema vibaya. Vijitabu vya kashfa vilimcheka mfalme kuwa si mwanamume kamili na kumsingizia malkia wapenzi wengi.

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu sababu ya hali hiyo. Wengine walidhani mfalme alikuwa na kasoro ya mwili, lakini wengi siku hizi wanataja zaidi haya, umri mdogo na kutojua. Mwaka 1777 Joseph II, kaka wa malkia, alifika Ufaransa na kuzungumza waziwazi na kila mmoja wao. Mnamo Agosti mwaka huo ndoa ilikamilika.

Watoto na kuzoeana

Mtoto wa kwanza, Marie-Thérèse Charlotte, alizaliwa tarehe 19 Desemba 1778. Desturi ilidai malkia ajifungue mbele ya mashahidi. Chumba kilijaa watu kiasi kwamba alizimia. Walifuata Louis Joseph (1781), Louis Charles (1785) na Sophie (1786), aliyefariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Malezi ya watoto yaliwaleta wazazi karibu. Malkia alipunguza anasa, na mfalme alimtembelea mara kwa mara. Tofauti na babu yake, Louis XVI hakuwa na hawara. Uaminifu huo ulimletea malkia hatari isiyotarajiwa. Zamani watu walimlaumu hawara kwa gharama za ikulu na upendeleo katika vyeo, huku malkia akiheshimiwa. Sasa lawama zote zilimwangukia mke wa ndoa.

Hata hivyo, kumpenda mke hakukumaanisha kumtii katika mambo ya nchi. Mwaka 1778 Austria ilipogombana na Prussia kuhusu Bavaria, malkia alimwomba mume wake aisaidie familia yake. Louis alikataa kuiingiza Ufaransa katika vita hivyo. Lakini wananchi hawakuyajua mazungumzo hayo, na waliendelea kumwita malkia "Mwaustria" kwa dharau.

Uhusiano wa malkia na Axel von Fersen, mwanajeshi wa Uswidi, ulizua maneno wakati ule, na bado wanahistoria wanabishana kama ulivuka mipaka ya urafiki.

Mkufu wa almasi

Mwaka 1785 tapeli Jeanne de la Motte alimdanganya kardinali Rohan kwamba malkia alitaka kununua kwa siri mkufu wa almasi wenye bei ya livre 1,600,000. Alitumia barua za kughushi na mwanamke aliyejifanya malkia usiku katika bustani ya Versailles. Barua zilitiwa saini "Marie Antoinette de France", ingawa malkia wa Ufaransa walitia saini kwa jina la ubatizo peke yake.

Mfalme aliona heshima ya mke wake imevunjwa, akaamuru kardinali akamatwe hadharani tarehe 15 Agosti 1785. Kesi ilisikilizwa na mahakama kuu ya Paris, ambayo tarehe 31 Mei 1786 ilimwachilia huru kardinali. Umati ulishangilia. Malkia hakuwa na kosa, lakini hukumu ilieleweka kana kwamba mtu angeweza kuamini lolote baya juu yake.

Mapinduzi na gereza

Kuanzia mwaka 1787 mfalme alilemewa na madeni ya serikali na huzuni, na malkia alianza kushiriki zaidi katika siasa. Mtoto wao Louis Joseph alifariki tarehe 4 Juni 1789, wiki chache kabla ya gereza la Bastille kutekwa.

Tarehe 5 na 6 Oktoba 1789 umati kutoka Paris ulivamia Versailles na kuilazimisha familia ya kifalme kuhamia mjini. Malkia alishauriwa kukimbia bila mume wake, lakini alikataa. Mnamo Juni 1791 walijaribu kutoroka pamoja wakakamatwa Varennes. Ufalme ulipoanguka mwaka 1792 walifungwa katika gereza la Temple. Humo waliishi kama familia ya kawaida kuliko wakati wowote, mfalme akimfundisha mwanawe masomo.

Katika wasia wake wa tarehe 25 Desemba 1792, Louis alimwomba mke wake msamaha kwa mateso aliyoyapata kwa ajili yake, na kwa huzuni yoyote aliyomsababishia katika ndoa. Jioni ya tarehe 20 Januari 1793 aliruhusiwa kuiaga familia. Aliahidi kuonana nao tena asubuhi, lakini aliondoka bila kufanya hivyo. Aliuawa kwa gilotini siku hiyo ya tarehe 21. Marie Antoinette aliuawa vivyo hivyo tarehe 16 Oktoba. Katika barua yake ya mwisho alitaka mwana wao ayakumbuke maneno ya baba yake na asilipize kisasi.

Baada ya vifo vyao

Louis Charles alifariki gerezani tarehe 8 Juni 1795. Marie-Thérèse aliachiliwa mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1799 aliolewa na binamu yake, mwana wa Artois, yule ambaye kuzaliwa kwake mwaka 1775 kulimtia mama yake aibu. Wazazi wake walizikwa upya pamoja katika basilika la Saint-Denis tarehe 21 Januari 1815.