Nyota Iliyonitia Haya

Mwaka jana nilipewa kazi ya kusoma kipimamvua cha shule kila asubuhi. Baada ya wiki tatu nikaacha. Nilimwambia mwalimu ati mvua haina mpango, kwa hivyo kuiandika ni kazi bure. Kumbe sikujua kisa cha Algol.

Algol ni nyota mbili zinazozungukana kwa karibu sana, na ya tatu iko kando. Kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi, ile hafifu hupita mbele ya ile ing'aayo, nasi tukaona mwanga umepungua. Mnamo 1783 kijana kiziwi wa miaka 18, John Goodricke wa York, Uingereza, aliutangaza muda huo. Alitazama kwa macho tu, usiku baada ya usiku, akiandika.

Lakini Algol hutoa pia mawimbi ya redio, na hayo yaonekana hayana ratiba. Leo yametulia, kesho mlipuko! Sababu ni hii: ile nyota hafifu hujizungusha mbio huku gesi yake ikichemka, hata usumaku wake ukasokoteka kama kamba. Kamba ikizidi kusokotwa hukatika. Hapo elektroni hurushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, nazo hutoa mawimbi hayo. Sasa nani angebashiri siku ya kamba kukatika?

Kuanzia 1995 hadi 2000, darubini za redio za Green Bank, Marekani, ziliifuatilia Algol. Mercedes Richards, mwanasayansi mzaliwa wa Jamaika, pamoja na wenzake walizichambua rekodi hizo. Mwaka 2003 walieleza kwamba milipuko huelekea kurudi kila baada ya siku 49 hivi. Si kama saa ya ukutani, lakini mpango upo. Mwezi mmoja haungeuonyesha. Miaka mitano iliuonyesha.

Basi wiki zangu tatu zilikuwa nini? Mvua haikukosa mpango, ni mimi niliyekosa subira. Muhula huu nimemwomba mwalimu anirudishie daftari lile. Ukurasa wa mwaka jana una pengo ambalo siwezi kulijaza tena, maana mvua ile ilishanyesha ikaenda zake.

Wenzangu, mwenye daftari asiliache. Mvumilivu hula mbivu.