Kuvisha upya viti vya MGB

Viti vya MGB, gari dogo la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, huanza kuharibika ndani kabla ya nje. Mwenye gari huiona ngozi iliyochanika na mshono uliofumuka, lakini kinachomfanya azame kitini ni mpira uliokwisha nguvu chini ya sponji. Akibadilisha ngozi peke yake, atakuwa amekipamba kiti kibovu.

Kila kiti kina fremu ya chuma. Sehemu ya kukalia hubebwa na utando au mikanda ya mpira, kutegemea mwaka wa gari, iliyonaswa kwenye fremu kwa kulabu za waya. Juu yake hukaa sponji, kisha kava. Katika magari ya miaka ya 1960, ngozi halisi iliwekwa pale tu mwili unapogusa. Ubavuni na mgongoni ilikuwa ngozi bandia ya rangi ileile. Baadaye kiwanda kiliiacha ngozi halisi kabisa. Wengi siku hizi huagiza makava ya ngozi tupu, na hakuna wa kuwakataza, ila kiti hicho huwa cha kifahari kuliko kile kilichotoka Abingdon.

Kazi huanzia sakafuni. Kiti husukumwa nyuma ili bolti za mbele zionekane, kisha mbele kwa ajili ya zile za nyuma. Magari mengi ya aina hii ni ya wazi, yamenyeshewa miaka mingi, na bolti zimeshika kutu. Ni heri kuzimwagia mafuta ya kulegeza na kuziacha zilale usiku kucha. Chini ya reli za kiti kuna vipande vya mbao. Vikishaoza, hubadilishwa bila mjadala.

Kava kuukuu halitupwi. Hutolewa klipu moja baada ya nyingine, huku picha zikipigwa kila hatua, na kwa anayeshona mwenyewe, hufumuliwa kipande kwa kipande. Kila kipande huandikwa jina na upande wake, kisha hutumika kama kielelezo cha kukatia. Hata anayenunua seti iliyokwisha kushonwa, na maduka ya vipuri ya Uingereza bado yanaziuza, hulihitaji lile la zamani ili aone mshono ulipita wapi.

Fremu ikishabaki tupu, husuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, palipopasuka huchomelewa. Mpira mpya hufungwa, kisha sponji mpya. Sponji ya zamani ikiminywa mkononi na kumwaga unga, haina tena kazi.

Ngozi ya ng'ombe mzima hufikia takriban mita 5 za mraba, lakini si yote yenye nguvu sawa. Ya mgongo imeshikana. Ya tumbo huvutika, na ikiwekwa mahali pa kukalia hulegea mapema. Uzi uwe wa nailoni au poliesta, kwa kuwa wa pamba huoza kwa unyevu. Cherehani ya kawaida ya nyumbani hushindwa pale tabaka nne zinapokutana na ule mkanda mwembamba wenye kamba ndani unaozunguka ukingo wa kiti. Hapo ndipo sindano huvunjika na mshono huanza kupinda.

Kulivisha kava ndiko kunakochosha mikono. Sponji na ngozi hugandana, kwa hiyo mafundi huifunika sponji kwa nailoni laini, kava likateleza juu yake, kisha nailoni ikavutwa itoke. Ngozi bandia hupashwa moto kidogo kwanza ili ilainike. Ngozi halisi haihitaji moto mkali, maana husinyaa. Mshono wa katikati huwekwa sawa kabla ya pembe yoyote kuvutwa, na ukingo hubanwa kwenye fremu kwa klipu, kuanzia katikati ya kila upande kuelekea kwenye kona.

Mikunjo midogo inayobaki hupungua kwa joto na kwa kukaliwa. Mshono uliokwenda upande haupungui: klipu hutolewa zote, na kava huvishwa tena.