Mzizi wa Jinsengi Nje ya Shamba

Jinsengi, ambayo wanasayansi huiita Panax ginseng, ni mmea wa kivulini unaoota katika misitu ya baridi ya Rasi ya Korea, kaskazini-mashariki mwa China na mashariki ya mbali ya Urusi, na thamani yake karibu yote imo mzizini. Mkulima hungoja miaka 4 hadi 6 kabla ya kuvuna, akiikinga mimea na jua kwa vichanja muda wote huo, na akishavuna hulazimika kuliacha shamba kwa miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi, kwa kuwa vimelea vya magonjwa hujikusanya udongoni na kuozesha mizizi itakayopandwa tena hapo. Jinsengi ya mwituni nayo imechimbwa mno, hata ile ya Urusi ikawekwa mwaka 2000 chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Kinachotafutwa mzizini ni jinsenosidi, kemikali za kundi la saponini, yaani vitu vya mimea vinavyotoa povu vikitikiswa majini. Zimekwisha kutambuliwa zaidi ya aina 100, na mashuhuri kati yake ni zile zilizopewa alama za Rb1 na Rg1. Mmea huzianza kwa kuunda skwaleni, mafuta yanayopatikana pia kwa wingi katika ini la baadhi ya papa. Kisha vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli, huikunja skwaleni hiyo, huiongezea oksijeni, na mwishowe huipachika sukari. Kazi hiyo yote haifanywi kwa ajili ya binadamu. Jinsenosidi ni sehemu ya kinga ya mmea dhidi ya kuvu na wadudu, na jambo hilo ni ufunguo wa mojawapo ya mbinu za kuziongeza.

Mbinu ya kwanza ni kuukuza mzizi bila mmea. Kipande cha mzizi husafishwa vijidudu, huwekwa katika mchanganyiko wa madini, vitamini na sukari unaofuata ule uliotungwa na Murashige na Skoog mwaka 1962, na kuongezewa oksini, homoni ya mimea inayochochea uotaji wa mizizi. Teknolojia hiyo ya tishu si ngeni Afrika Mashariki, ambako imetumika kuzalisha miche safi ya migomba. Nchini Korea Kusini, mizizi ya jinsengi inayopatikana hivyo huhamishiwa katika matangi yanayopulizwa hewa, mengine yenye ujazo wa lita 10,000, nayo hukomaa kwa wiki chache badala ya miaka.

Hata hivyo, mzizi unaolishwa sukari mahali pasipo na adui hauna sababu kubwa ya kujihami, na kwa kawaida jinsenosidi zake huwa chache kuliko zile za mzizi wa shambani. Ndipo watafiti wakaamua kuutisha. Huuongezea methili jasmoneti, kemikali ambayo mimea yenyewe huitumia kupashana habari ndani ya mwili wake inapojeruhiwa, na mzizi, ukidhani umeshambuliwa, huzidisha jinsenosidi mara kadhaa. Lakini mzizi ulio vitani haukui: kemikali hiyohiyo hudumaza ukuaji, hivyo anayeitia mapema hupata mizizi yenye dawa nyingi ambayo uzito wake haumlipi. Suluhisho lililoenea ni kuigawa kazi kwa awamu, mizizi iachwe inenepe kwanza, kisha itishwe siku chache kabla ya kuvunwa. Hakuna uhandisi wa jeni katika hilo, na huenda ndiyo hatua yenye busara zaidi katika taaluma hii.

Uhandisi wa jeni umekuja na ugumu wake. Mwaka 1987 watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyotumia bakteria aina ya agrobakteria, anayepenyeza jeni zake katika seli za mmea, kupata mizizi myembamba inayokua upesi bila kuongezewa homoni. Mwaka 2004 watafiti wa Korea waliongeza nguvu ya jeni inayounda skwaleni. Jinsenosidi zilipanda, lakini zilipanda pia steroli, mafuta ya kawaida ya mmea yanayotokana na skwaleni hiyohiyo. Wengine wakauacha mmea kabisa: katika miaka ya 2013 na 2014 watafiti wa China walihamishia jeni za jinsengi katika hamira, nayo ikaunda kiunzi cha jinsenosidi na hata aina adimu ambazo mzizi wenyewe huwa nazo kidogo sana.

Wingi, lakini, si kipimo pekee. Methili jasmoneti huongeza zaidi kundi la Rb kuliko kundi la Rg, na katika majaribio ya maabara Rg1 huchochea uotaji wa mishipa midogo ya damu ilhali Rb1 huuzuia, kwa hiyo mizizi miwili yenye jumla sawa ya jinsenosidi yaweza kutenda tofauti mwilini. Ushahidi wa tiba kwa wagonjwa bado ni haba kuliko sifa za sokoni, na jinsengi yaweza kuingiliana na wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, iwe imetoka shambani au tangini.